Sababu ya Kifo cha Mochama, kwa Kiingereza

Ieleweke mapema kwamba Ogari hakuombwa kuandika ukweli. Aliombwa kuandika Kiingereza.

Hayo ni mambo mawili, na katika ukoo wao pale Kiptere hakuna aliyeyachanganya. Ukweli ulisemwa jikoni, kwa Kikisii, mlango ukiwa umefungwa. Kiingereza kilisomwa mazishini, kutoka kwenye programu ya rangi yenye picha ya marehemu akiwa ndani ya koti la kuazima, na kikishasomwa pale hakuna aliyekibisha tena. Kuna shangazi yao mmoja aliyesomewa kuwa alikuwa fundi hodari wa cherehani. Shangazi huyo hakuwahi kushona hata kifungo, lakini mpaka leo wajukuu wake wanajisifu kwamba ufundi uko kwenye damu.

Sasa marehemu alikuwa Mochama, baba yake Ogari, na hakuna kilichochekesha.

Ogari alikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni ambayo haitatajwa hapa, kwa kuwa imeteseka vya kutosha mikononi mwake. Ni yeye aliyemvalisha ng'ombe wa shule tai ya naibu wa mwalimu mkuu na kumleta paredi ya Jumatatu, ng'ombe akasimama kimya kuliko wanafunzi. Ni yeye pia aliyekuwa wa kwanza kwa insha za Kiingereza. Kwa sababu ya sifa ya pili, wala si ya kwanza, Baba Mkubwa Onchiri alimwita chini ya hema siku moja kabla ya mazishi.

Onchiri alikuwa kaka mkubwa wa marehemu na mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Aliwahi kuwa karani wa ofisi, na tangu astaafu hakuwa amepata watu wa kutosha wa kuwatuma.

"Wewe ndiye umesoma," alisema. "Andika wasifu wa baba yako vizuri. Alizaliwa, akabatizwa, akaoa, akafanya kazi ya chai. Halafu hapo pa kufa, weka *because of*."

"*Because of* nini, Baba Mkubwa?"

"Kelele za mke wake. Unajifanya hujui? Boma zima lilisikia asubuhi ile. Alifokewa hapa, akaenda kuanguka kule kwa chai. Daktari mwenyewe amesema ni presha. Presha inaletwa na nini?"



"Ikishasomwa," Onchiri aliendelea, sasa kwa sauti ya mtu anayepanga viti, "wazee wataketi tukitoka kaburini. Mwanamke aliyemmaliza ndugu yangu hatalala ndani ya boma hili. Atarudi kwao na kale kasichana kake. Wewe usiogope. Wewe ni wa hapa."

Mvulana aliyezoea kuitwa mbele ya kamati za nidhamu hujifunza kutoonyesha kitu usoni. Ogari alisema, "Sawa, Baba Mkubwa," akaondoka wima kama askari, akazunguka nyuma ya zizi na kutapika chai yote aliyokuwa amekunywa.

Mama yake, Nyambeki, alikuwa ameketi kwenye mkeka chumbani, kadada kake Ogari kamelala mapajani mwake. Ogari alichuchumaa.

"Mama, asubuhi ile mlikuwa mnagombania nini?"

"Wacha tu."

"Niambie."

"Nilimuuliza kama amemeza dawa. Akasema amemeza. Nikamwambia unanidanganya. Akakasirika, na mimi nikapaza sauti." Alivuta leso akafuta uso wa mtoto, ambao haukuwa na kitu cha kufutwa. "Mtu ana presha, halafu mimi nampigia kelele. Ogari, watu wakisema ni mimi, nitakataa vipi?"

Hapo ndipo Ogari alipoona shida ilivyo kubwa. Onchiri angeweza kupingwa. Lakini mshtakiwa alikuwa ameshajihukumu, tena bila wakili.

Akapewa kazi nyingine: kupiga rangi viatu vya Jumapili vya marehemu, maana ndivyo angezikwa navyo. Alikaa kwenye ngazi ya jikoni na kopo la kiwi. Alipoingiza mkono ndani ya kiatu cha kushoto ili kukishika, vidole vyake vikagusa kitambaa kilichosokotwa kule mbele, penye vidole vya miguu. Akakivuta. Kilikuwa kimejaa vidonge vidogo vyeupe. Cha kulia hivyo hivyo.

Ogari alivijua. Hakuvijua kwa kuviona pale. Alivijua kwa sababu baba yake alimwambia, likizo iliyopita, wakiwa wawili tu wakitengeneza ua.

Mochama alifanya kazi ya chai tangu ujana wake. Mashine zilipoletwa, zile ambazo wanaume wawili wanazibeba, mmoja upande huu wa mstari na mwingine upande ule, daktari alimkataza kuinua mzigo. Nyapara akamhamishia kwenye kile kipande cha mteremko ambacho bado kilichumwa kwa mikono, na kule wachumaji wote walikuwa wanawake. Mochama hakulalamika. Alivaa kikapu chake mgongoni na epuroni yake ya plastiki, akasimama katikati yao akichuma majani mawili na chipukizi. Shida ilikuwa kidonge cha presha cha asubuhi. Kilikuwa cha kupunguza maji mwilini, na maji hayo yalitaka kutoka.

"Nikimeza," Mochama alimwambia mwanawe siku ile, "jua halijapanda vizuri, nimeshabanwa. Natazama kushoto, wanawake. Natazama kulia, wanawake. Chai yenyewe inanifika hapa kiunoni. Nitajificha wapi, kijana wangu, ndani ya kikapu?"

"Vaa nepi ya mtoto, baba."

Mochama alicheka mpaka akashika kigingi. Alikuwa mcheshi, ugonjwa wa utani wa Ogari ulikuwa na asili yake. Alipomaliza kucheka alisema, "Sasa nameza Jumapili tu, nikiwa nyumbani. Lakini mama yako asijue. Apa."

Ogari aliapa, mkono mmoja kifuani na mwingine juu ya nyundo, kwa sauti ya askofu. Wakacheka tena.

Ndiyo hiyo sababu ya kifo. Ilikuwa kwenye kitambaa, mkononi mwake, na ingeweza kumsafisha mama yake kwa sentensi moja. Tena sentensi hiyo ingemzika baba yake mbele ya wafanyakazi wenzake wote kama mwanaume aliyekufa kwa kuogopa kukojoa. Mochama alikuwa amefia aibu hiyo. Sasa mwanawe ndiye aitangaze kwenye maiki?

Akatia vidonge mfukoni. Akachukua karatasi na kalamu, akarudi nyuma ya zizi, akaanza kutafuta Kiingereza cha kumwokoa mama bila kumvua baba nguo.

Mwalimu wao wa Kiingereza aliwafundisha kwamba sababu ina mavazi mengi, na mwandishi mzuri hubadilisha. *Because of* ilikuwa ya kwanza, na Ogari aliiogopa. Ilikuwa kama nyapara: inanyoosha kidole na kutaja jina. *Due to* ilikuwa na harufu ya ofisi. Kila tangazo la maji kukatika lilikuwa nayo, na marehemu hakuwa bomba. *As a result of* ilihitaji kitu kilichofanyika kwanza, na mtu angeuliza ni kitu gani. *On account of* ilimkumbusha benki. *Thanks to* aliiandika kwa mazoea ya utundu, akaiona imekaa pale kwenye karatasi inashukuru kwa kifo cha baba yake, akaifuta kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka.

Hapo alilia. Alilia kwa muda wa kutosha hata ng'ombe akaacha kutafuna.

Ikabaki *owing to*. Hiyo aliipenda. Ilikuwa nzito, ya kizamani, ilivaa kofia na kutembea polepole, na nyuma yake unaweza kuficha chochote. Akaandika: *He was called home owing to certain circumstances.* Aliitwa nyumbani kutokana na mambo fulani. Ilikuwa sentensi nzuri. Ilikuwa mlango uliofungwa na kupakwa rangi.

Onchiri aliisoma akiwa amekunja uso.

"Nilisema *because of*."

"Baba Mkubwa," Ogari alisema kwa unyenyekevu mkubwa, ule uliowahi kumponza naibu wa mwalimu mkuu, "*because of* ni ya darasa la nne. Watu wa ofisini watakuwepo kesho. Mtu wa kiwango chako anaandika *owing to*."

"Hiyo naijua," Onchiri alisema haraka. "Na kelele ziko wapi?"

"Hizo ndizo *circumstances*. Kwa Kiingereza cha chuo kikuu, mke akifoka huwezi kusema hivi hivi. Unasema *circumstances*."

Onchiri alilitazama neno lile. Alilijua, bila shaka, lakini tangu lini karani mstaafu amwulize mtoto? Akaweka sahihi chini ya karatasi. "Sasa hapo umeandika," alisema.

Ogari alipanda boda boda hadi Kapsoit akijiona mjanja kuliko mauti. Kwenye saiba, kibanda cha kompyuta za kukodi, msichana aitwaye Ajwang alichapa wasifu wote bila kuinua macho, mpaka alipofika pale.

"Hii sentensi inasema nini?"

"Haisemi."

"Basi ni nzuri," alisema Ajwang, na kuchapisha nakala zote.

Siku ya mazishi watu walijaa boma mpaka kwenye ua. Kulikuwa na Wakisii wa ukoo, majirani Wakipsigis, Wajaluo wa kiwandani, na kundi zima la wanawake wa ule mteremko, wakiwa wameketi pamoja kama walivyochuma pamoja. Kwa sababu ya mchanganyiko huo palikuwa na mkalimani, kama ilivyo desturi: msomaji anasoma kipande kwa Kiingereza, mkalimani anakigeuza Kiswahili, na hakuna anayerudi nyumbani bila kuelewa. Mkalimani alikuwa Mzee Kipsang, aliyewahi kutafsiria wahubiri wengi waliotoka mbali na kwa maoni ya watu wengi alihubiri kuwashinda. Ogari, katika hesabu zake zote nyuma ya zizi, alikuwa amemsahau Mzee Kipsang.

Alimkumbuka alipoona maiki ni mbili.

Alisoma kuzaliwa, Kipsang akazalisha. Alisoma ubatizo na ndoa. Kipsang akabatiza, akaozesha. Mama yake alikuwa kando ya jeneza, kichwa chini. Ogari alianza kusoma polepole. Kisha polepole zaidi. Lakini karatasi ilikuwa moja.

"*He was called home*," alisoma, "*owing to certain circumstances.*"

"Akaitwa nyumbani," Kipsang alinguruma, "kwa sababu ya..."

Akanyamaza. Ile kofia yote ya *owing to*, uzito wake wote, ilikuwa imevuliwa kwa pumzi moja. Ilibaki "kwa sababu ya", uchi kabisa, na watu mia kadhaa wakiwa wamenyoosha shingo kungoja jina.

"Kwa sababu ya nini, kijana?" Kipsang alinong'ona, ila maiki haijui kunong'ona.

"*Circumstances*."

"Nimesikia. Mambo. Mambo gani? Hawa watu watataka kujua."

"Mambo tu, mzee."

Minong'ono ilianza upande wa ukoo. Mtu akasema, "Kuna kitu kinafichwa." Ndipo Baba Mkubwa Onchiri aliposimama, akarekebisha koti.

"Mzee Kipsang, nitakusaidia," alisema. "*Circumstances* ni kelele. Ni fujo za mke nyumbani. Siyo mimi nasema. Mwandishi mwenyewe aliniambia jana. Sivyo, Ogari?"

Utundu wote ambao Ogari aliwahi kuufanya duniani ulirudi ukasimama mbele yake ukiwa umevaa tai. Alikuwa ameacha shimo katikati ya sentensi kwa makusudi, na sasa mwenye sauti kubwa alikuwa analijaza, kwa udongo ambao Ogari mwenyewe alimkabidhi.

Alimtazama mama yake. Laiti angekana. Hata kidogo tu. Nyambeki hakuinua kichwa. Alikuwa amemvuta yule mtoto karibu, kama mtu anayekusanya vyake kabla ya safari.

"Mimi natafsiri ya msomaji," Kipsang alisema, kwa heshima lakini bila kumtazama Onchiri. "Kijana, ni hivyo?"

"Si hivyo," Ogari alisema.

"Kwa Kiingereza ama Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili. Usitafsiri." Alishika maiki kwa mikono miwili. "Baba alikufa kwa sababu ya mkojo."

Yawezekana neno hilo lilikuwa halijawahi kupita kwenye maiki ya mazishi pale Kiptere. Mtu mmoja nyuma alipasuka kicheko na kukimeza. Pasta alifunga macho kama anayeomba, na labda aliomba kweli. Onchiri alisema, "Wee!"

Ogari hakukoma. Angekoma, asingeanza tena. Alisema dawa ya presha ilimfanya baba yake abanwe akiwa kwenye mstari. Alisema pande zote walikuwa wanawake, na chai ni fupi. Alisema baba yake aliona haya, akawa anadanganya kwamba amemeza. Alisema mama yake hakufoka bure: alikuwa anauliza juu ya dawa, kila asubuhi, na asubuhi ile pia, na ndiye mtu wa pekee ndani ya boma lote aliyekuwa anauliza. Akatoa kitambaa mfukoni, akakifungua juu ya jeneza. Vidonge vikasambaa kwenye mbao iliyong'arishwa, vingine vikadondoka kwenye majani.

"Vilikuwa ndani ya viatu vyake," alisema. "Nisamehe, baba." Na maiki ikachukua hilo pia.

Hakuna aliyejua pa kutazama. Ogari aliona kicheko alichokiogopa kikianza. Aliwaona vijana wawili wa kiwandani wakibana midomo, mabega yakiruka. Basi, alifikiri. Nimemuua tena.

Ndipo mwanamke mmoja akasimama kutoka kundi la wachumaji. Alikuwa Elmina, mkubwa wao, mwenye kifua kikubwa na sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Hakuhutubia watu. Alilifuata jeneza.

"Mochama," alisema. "Mochama wewe! Siku zote hizo umesimama kando yangu hapo, unanitania, unanipa sukari guru, hukuniambia?"

Alipiga jeneza kofi, kama mtu anavyompiga mwenzake begani.

"Unafikiri sisi ni mawe? Si sisi pia tunabanwa! Unafikiri tunaenda wapi, kuna choo pale? Tunaingia huko huko kwa chai, mwenzako anageuka, unamaliza, unarudi kuchuma! Ungesema tu, 'Elmina, geuka.' Neno moja! Tungegeuka, Mochama. Mstari wote tungegeuka."

Hakuna aliyecheka tena, hata wale vijana. Wanawake wa mteremko walikuwa wanalia waziwazi, na mmoja wao alikuwa anarudia, "Si tungegeuka. Si tungegeuka tu."

Onchiri alikuwa bado amesimama, programu mkononi. "Hata tukiwa watoto," alisema, bila kumwambia yeyote, "alikuwa akienda mtoni kuoga peke yake. Tukamcheka." Akaketi. Kiti kilikuwa kimesogezwa kidogo, akakikosa nusu, na ikabidi ashikwe.

Jeneza lilipopelekwa kaburini na kamba kuanza kulegezwa, Elmina alifanya jambo ambalo halikuwa kwenye programu. Aliwatazama wenzake, akasema kwa sauti ya chini, "Geukeni." Wanawake wote wa mteremko wakageuka, wakampa Mochama mgongo, wakatazama ng'ambo kwenye mashamba ya chai mpaka kamba zilipofika chini. Mzee Kipsang, asiye na kitu cha kutafsiri, naye akageuka.

Wazee hawakuketi jioni ile. Kama wangeketi wiki nyingine, hakuna aliyejua. Kwa siku hiyo hakuna aliyeleta viti, na Onchiri alienda kulala mapema bila kuaga. Nyambeki aliingia nyumbani kwake kwa mlango wake mwenyewe, akamlaza mtoto, akatoka na kukaa kizingitini. Ogari alikuwa anakusanya programu zilizotupwa kwenye nyasi.

"Njoo," mama yake alimwita.

Akaenda.

"Ulijua."

"Nilijua, mama."

"Likizo ile nilikuuliza kama anameza. Ukaniambia anameza kama kuku na mahindi. Nikacheka."

Ogari alifungua mdomo kueleza. Zile sababu zote zilikuja, zikajipanga paredi ndani ya kichwa chake, nyepesi na nzito, za ofisini na za kizamani, kila moja ikijitolea. Nyuma ya ile iliyo bora kuliko zote, kwamba aliapishwa, palikuwa na baba yake ameshika kigingi, anacheka.

"Vidonge vingine vilianguka kwenye majani," Nyambeki alisema. "Viokote vyote. Kuna watoto hapa."

Alipiga magoti pale penye alama za miguu ya meza ya jeneza, akaanza kupapasa nyasi. Baada ya muda mama yake alikuja akapiga magoti upande wa pili. Walitafuta pamoja, vidole vyao vikikutana mara kwa mara, na Ogari hakutoa sababu yoyote.